Uzi: Tuliingilia ndoa ya jirani kwa pupa tukamwongezea mateso. Tuliyojifunza kuhusu kumsaidia mwanamke anayepigwa nyumbani

Mleta uzi

Wakuu, amani kwenu. Uzi ni mrefu. Nauandika kwa sababu kuna kosa tulilifanya sisi wenyewe, na sitaki mwingine alirudie.

Tuko wanawake kumi na mmoja. Tulianza kama kikundi cha kuweka na kukopa, hatukuwa na mpango wowote wa kushughulika na ndoa za watu. Mwenzetu mmoja, wakati huo ana mimba ya miezi sita, akaanza kuondoka kabla kikao hakijaisha. Simu haimtoki mkononi. Kila baada ya muda mfupi anainuka, anapiga picha ya tulivyokaa, anaituma. Tulidhani ni kupenda simu tu. Kumbe mumewe alimtaka athibitishe yuko wapi na amekaa na nani, na akichelewa kutuma kipigo kinamsubiri nyumbani.

Jioni moja tukasikia kelele. Tukajikusanya wanne, tukaenda kugonga, tukamsema yule bwana mbele ya majirani wote. Alitusikiliza kwa adabu. Akaomba radhi, akatushukuru kwa kumjali mkewe. Tukarudi vifua mbele. Usiku uleule akampokonya simu, na hazikupita wiki mbili wakahama. Miezi saba hatukujua kama yu hai. Alipopata upenyo wa kututafuta, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mlikuja bila kuniuliza."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Ndilo lililonifanya nianze kusoma na kuwatafuta watu wanaoifanya kazi hii kila siku: wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, wasaidizi wa kisheria, na wanawake waliopita humo wakatoka.

Nilichokikuta kwanza ni kwamba mwanamke anapofungasha, hatari inapanda. Kipindi cha kutengana ni miongoni mwa vipindi ambavyo wanawake wengi huuawa na wenza wao. Mpigaji anapiga ili atawale, na siku anayoona utawala unamponyoka anaongeza nguvu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wenza au ndugu zao, wastani wa 140 kila siku. Kwa hiyo yule dada anayekuambia "siwezi kuondoka leo" mara nyingi anaijua hatari yake kuliko wewe unayemshauri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na wako ambao mlango wao umefungwa mara mbili. Mjamzito. Mwenye ulemavu ambaye anayemwogesha ndiye anayempiga. Binti wa kazi za ndani anayelala katika nyumba ya anayemtesa. Mkimbizi ambaye karatasi zake za kuishi nchini zinamtegemea mume. Bibi mzee anayepigwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe, na huyu ndiye msiri kuliko wote, kwa sababu kumshtaki mwanao ni kujishtaki mwenyewe kwamba ulilea vibaya. Nimekaa na bibi mmoja wa namna hiyo saa tatu nzima akinielezea jinsi alivyoanguka bafuni. Sikumbishia. Siku ya nne ndiyo aliyosema.

Sasa tunavyofanya. Kabla ya yote tunamuuliza yeye anataka nini, na tunamuuliza akiwa peke yake, mahali ambapo ana sababu ya kawaida ya kuwepo: kliniki, ibadani, kwenye kikao. Hatumwandikii ujumbe wa simu kuhusu jambo hilo hata siku moja, maana simu nyingi zinakaguliwa. Akisema bado anataka kukaa, tunamsaidia akae kwa usalama kiasi kinachowezekana. Kitambulisho na vyeti vya watoto, au nakala zake, vinakaa kwa mmoja wetu. Nguo chache na ufunguo wa akiba vinakaa kwa mwingine. Tunakubaliana neno moja la kawaida kabisa. Akilitamka kwenye simu tunajua tupige polisi. Watoto wanafundishwa nyumba ya kukimbilia na wanaambiwa si kazi yao kuamulia. Mahali pa kujificha panajulikana na wawili tu kati yetu kumi na mmoja. Wengine tisa hatuulizi, na mwanzoni hilo lilituletea manung'uniko hadi tulipoelewa kwamba usichokijua huwezi kukitoa, hata ukibanwa.

Ukisikia kipigo kinaendelea muda huu, usiingie kifua mbele. India mwaka 2008 ilianzishwa kampeni iliyoitwa Bell Bajao, yaani piga kengele. Jirani anabonyeza kengele anaomba kitu kidogo, au anauliza saa, kisha anaondoka. Mpigaji anajua amesikika, na huyo mama hajaonekana kama ndiye aliyekuita. Tumeijaribu kwa kuomba ngazi, kwa kuomba chaja. Inakata kipigo cha muda huo, haiponyi nyumba. Kama kuna silaha usisogee, piga polisi.

Jambo la mwisho kwa leo. Tuliachana kabisa na vikao vya kusuluhisha. Kumkalisha mwanamke mbele ya anayempiga na kumwambia aeleze ni kumtaka achague kati ya uongo na kipigo cha usiku. Haya hatukuyabuni sisi: kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, katika Pendekezo la Jumla namba 35 la mwaka 2017, ilisema kesi za ukatili zisilazimishwe kupelekwa kwenye usuluhishi.

Karibuni tuchangie. Waliopitia, msitaje majina wala mahali.

Mchangiaji wa 2

Dada, nimesoma yote kwa heshima. Ila niseme ukweli wangu: wagombanao ndio wapatanao. Mimi nilishaingilia ugomvi wa jirani, kesho yake wako pamoja wanacheka, adui nikawa mimi. Tangu siku hiyo mambo ya mke na mume nayaacha chumbani mwao. Mnatofautishaje ugomvi wa kawaida na huo ukatili?

Mleta uzi

Mkuu, asante kwa kuuliza waziwazi, wengi wanalifikiri hilo hawalisemi.

Angalia hofu iko upande gani. Watu wakigombana, wote wawili wanasema, wote wawili wananuna, kesho kila mmoja anaweza kukataa jambo bila kutetemeka. Kwenye ukatili kuna mmoja anayepima kila neno kabla halijamtoka. Anakujibu huku anamwangalia mwenzake. Anajua hatua zake mlangoni, kama leo amerudi vizuri au vibaya. Hana pesa hata ya nauli japo anafanya kazi. Ndugu zake wamepungua mmoja mmoja mpaka hakuna anayekuja. Kuna nyumba ambazo hakijawahi kurushwa kofi na mwanamke ni mfungwa kabisa. Uingereza iliitungia tabia hiyo sheria mwaka 2015, ikawa kosa la jinai kumtawala mwenza kwa vitisho, kumfuatilia na kumnyima uhuru, hata bila kumgusa.

Na hiyo ya kesho yake kucheka pamoja: baada ya kipigo mara nyingi huja kipindi cha majuto, zawadi na ahadi. Anacheka kwa sababu amepumua. Hukukosea kujali, mkuu. Ila huenda ulikosea njia, kama sisi.

Mchangiaji wa 3

Mimi ni muuguzi. Naomba niongeze kitu kimoja tu, na naomba kila anayesoma akikumbuke: kukabwa koo.

Wanawake wengi wanakitaja kama jambo dogo. "Alinipiga, akanikaba kidogo, basi." Hakuna kukabwa kidogo. Uchunguzi wa mashauri 300 huko San Diego, Marekani, ulikuta karibu nusu ya waliokabwa hawakuwa na alama yoyote ya kuonekana shingoni. Huku ndani koo linaweza kuvimba, mshipa wa damu unaweza kuchanika, na mtu akapata kiharusi siku kadhaa baadaye. Sauti ikikwaruza, akimeza kwa shida, akiwa na vidoa vyekundu machoni, akiwa alijikojolea au hakumbuki kilichotokea, apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2008 ulikuta aliyewahi kukabwa na mwenza wake ana uwezekano wa takriban mara saba zaidi wa kuja kuuawa naye. Kwa hiyo mkiona hiyo dalili, mipango ya pole pole ibadilike siku hiyohiyo.

Kwa wajawazito, takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2013 zilionyesha wanaopigwa na wenza wao wana uwezekano wa kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo ulio juu kwa asilimia 16, na wa kujifungua kabla ya wakati kwa asilimia 41. Sisi tulioko zahanati tunaona mtoto mdogo tunauliza mama anakula nini. Tuulize na mengine, na tumuulize mama huku mumewe yuko nje. Kisingizio cha kumtoa nje ni rahisi: kipimo.

Na wenzangu wa kada hii: tukishauliza, tusimwandikie matokeo kwenye kadi atakayorudi nayo nyumbani.

Mchangiaji wa 4

Muuguzi, ubarikiwe kwa hilo la kadi. Sikuwahi kuliwaza.

Mchangiaji wa 5

Dada yangu ni kiziwi. Alipigwa miaka minne. Siku alipofika kituo cha polisi, hawakuwa na mtu anayejua lugha ya alama, wakamwita mumewe aje kutafsiri.

Rudieni kusoma hiyo sentensi.

Mume akatafsiri kwamba mkewe ameanguka na amechanganyikiwa kwa sababu ya mimba. Wakamshukuru, wakawaruhusu. Dada yangu aliishika barabara ya kurudi akijua sasa hakuna tena pa kwenda, kwa sababu hata mlango wa serikali mumewe ndiye anayeufungua.

Kilichomtoa ni mwalimu wake wa zamani wa shule ya viziwi. Alikutana naye sokoni, wakaongea kwa mikono mbele ya mume ambaye alijua alama za nyumbani tu: njoo, maji, mtoto, lala. Hakufuata lolote. Wiki ile ile mwalimu akampeleka kituo kingine akiwa na mkalimani asiye ndugu, na maelezo yakaandikwa upya.

Kwa hiyo vikundi kama cha mleta uzi, tafuteni mkalimani kabla hamjamhitaji. Muwe na namba yake. Kwa wasioona, jueni kwamba kumhamishia vitu ndani ya nyumba ni kipigo. Kwa asiyetembea, kumficha kiti chake au kumnyima dawa ni kumfunga pingu. Na mkimtorosha mtoke na hivyo vifaa vyake, la sivyo mmemtoa gerezani mkamwacha barabarani. Nyumba nyingi za hifadhi zina ngazi mlangoni. Kaulizeni mapema.

Mleta uzi

Ndugu yangu, nimesoma hiyo sentensi mara tatu. Kwenye kikundi chetu hatuna mkalimani. Hili linaingia kwenye kikao kijacho, sitalipitisha juu juu.

Mchangiaji wa 6

Naona mmegusa vikundi vya kuweka na kukopa. Mimi nimekuwa mweka hazina wa vikundi viwili, na nimeona pesa ikimwokoa mwanamke, na nimeona pesa hiyohiyo ikimletea kipigo. Anakopa yeye, anatumia mume, anadaiwa yeye. Anakuja kikaoni bila rejesho, wenzake wanamfokea, kumbe ameshafokewa vya kutosha.

Huko Limpopo, Afrika Kusini, walijaribu kuunganisha mikopo na mafunzo ya uhusiano, nguvu ndani ya nyumba na kinga ya VVU. Matokeo yalitoka mwaka 2006: katika miaka miwili ukatili wa mwenza kwa wanawake walioshiriki ulishuka kwa asilimia 55. Ninavyoamini mimi, tofauti ilikuwa mafunzo. Mkopo peke yake ni karatasi ya kugombania.

Sisi tuliamua daftari la mwanachama libaki kwa mweka hazina, lisibebwe nyumbani. Na fedha za jamii tunazochanga kila kikao zina matumizi ya siri: mwanachama anaweza kuomba nauli bila kueleza mbele ya wote. Anaandika neno "safari" kwenye karatasi, anapewa. Hakuna aliyewahi kuitumia vibaya.

Mchangiaji wa 7

Na wanaume wanaopigwa na wake zao? Au hao hawana uzi?

Mleta uzi

Wapo, mkuu, na wanaona aibu kubwa kusema. Ya usiri, ya kumuuliza kwanza, ya kutomkalisha na anayempiga, yote yanawahusu. Nimeandika kuhusu wanawake kwa sababu ndio walionilea katika kazi hii, na karibu mmoja kati ya watatu duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono maishani mwake, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021. Fungua uzi wa wanaume, nitakuja kuchangia.

Mchangiaji wa 8

Mimi ni mwanaume, nina rafiki yangu anayempiga mkewe. Tunacheza mpira pamoja tangu shule. Anapokuja akisimulia "jana nilimnyoosha kidogo", watu wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka. Sasa siwezi kucheka tena, lakini sijui niseme nini asije akamgeukia mkewe akidhani ndiye aliyenisimulia.

Mleta uzi

Kaka, umenipa nguvu kwa kukiri hivyo hadharani.

Umeshauona mtego wenyewe: usiseme chochote ambacho kingeweza kutoka kwa mkewe. Tumia alichosema yeye kwa kinywa chake. "Ulichosema jana hakikunifurahisha. Mimi sitacheka tena." Sema mkiwa wawili. Kisha nyamaza. Atajitetea, atasema hujui anavyochokozwa. Mwulize kama bosi wake akimchokoza anampiga. Hampigi, kwa hiyo kujizuia anaweza.

Nimewahi kusoma juu ya mradi wa SASA! wa shirika la Raising Voices, ulioanzia Kampala na kuchukua jina lake kwenye neno letu hilihili "sasa". Walichofanya ndicho unachotaka kukifanya wewe, ila kwa mtaa mzima. Wakazi wa kawaida, wanaume na wanawake, walifundishwa kuanzisha mazungumzo vijiweni, kwenye vibanda, mahali pa kazi. Hawakuanza na maneno makubwa ya haki. Waliuliza: una nguvu gani, na unaitumiaje? Dereva ana jibu, mama ana jibu, baba ana jibu. Kati ya 2007 na 2012 mitaa minne iliyofanyiwa mradi ililinganishwa na minne ambayo haikufanyiwa. Kwenye ile minne ya mradi, ukatili wa kimwili wa wenza ulikuwa chini kwa asilimia 52. Na waliohesabiwa si wale waliohudhuria mikutano pekee, ni wakazi wa mtaa kwa ujumla. Maana yake maneno yalitembea. Yalitembea kupitia watu kama wewe walioacha kucheka.

Mchangiaji wa 2

Mleta uzi, nimerudi. Yule jirani niliyesema, mke wake hana simu. Nilikuwa naona ni kawaida tu.

Mleta uzi

Mkuu, usiende kumuuliza wewe mwenyewe, mume akiwaona mnaongea itakuwa kesi nyingine. Kama una mke au dada, aanze kumzoea kwa mambo madogo. Salamu, kusuka, watoto kucheza. Inaweza kuchukua miezi. Asimwambie "najua unapigwa". Amwambie "nyumba yetu iko wazi, hata usiku", mara moja, kisha aendelee na mengine.

Mchangiaji wa 9

Naomba msaada, siyo mjadala. Mdogo wangu ameondoka kwa mumewe mara mbili na amerudi mara mbili, na jana nimesikia karudi mara ya tatu. Ana mtoto wa miezi mitano. Tulimkodia chumba, tulimnunulia vitu, kaka zangu walitoa ruhusa kazini. Nyumbani wote wamechoka. Mimi pia, Mungu anisamehe. Tufanyeje?

Mleta uzi

Pole sana dada. Uchovu wenu ni wa haki, sitakulaumu.

Kurudi kwake si kwamba mlichofanya kimepotea. Mara ya kwanza pengine hakujua hata kituo kiko wapi. Sasa anajua chumba kinakodiwaje, anajua nani alikuja na nani hakuja. Wengi niliokaa nao waliondoka zaidi ya mara moja kabla ya ile ya mwisho. Anarudi kwa sababu ya mtoto, pesa, vitisho, na wakati mwingine kwa sababu bado anampenda. Hilo la mwisho familia hazitaki kulisikia, lakini lipo.

Mume anachokisubiri sasa ni ninyi mumsuse. Akisuswa na nduguze, kazi yake imekwisha. Kwa hiyo punguzeni mnachotoa, msifunge mlango. Msikodi chumba kingine, ila mmoja wenu awe anampigia kila wiki, siku ileile, mazungumzo ya kawaida tu, ya mtoto. Asiulize habari za mume, maana simu inaweza kuwa inasikilizwa. Siku asipopokea mtajua kuna jambo. Kadi ya kliniki ya mtoto mpige nakala mkae nayo. Na muuguzi hapo juu amesema la kukabwa: mkipata nafasi ya faragha, mmuulize hilo kwa jina lake. Akisema ndiyo, msisubiri wiki, mmoja wenu aende naye hospitali na mwingine azungumze na polisi au ustawi wa jamii siku hiyo.

Kuna neno lolote mmeshamwambia ambalo linaweza kumzuia kupiga simu usiku?

Mchangiaji wa 9

Lipo. Mama alimwambia akirudi kule asikanyage tena kwake.

Kesho asubuhi naanza kwa mama.